Wimbo wa Kueleweka

Ujumbe uliingia nikiwa naanua nguo. Namba sikuijua. "Shikamoo anti. Mimi naitwa Latifa, mtoto wa Nuru wa Temeke. Mama ametutoka leo alfajiri. Namba yako nimeikuta kwenye simu yake, amekuandika Jirani." Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nguo zimenijaa mapajani, nikausoma tena na tena kama mtu anayetafuta kosa la tahajia litakalobadilisha habari. Nyumba yangu iko Goba, juu mlimani, na mchana watu wote wamekwenda makazini, hakuna wa kumwambia. Wanangu wameoa na kuolewa, mume wangu alitangulia. Nuru na mimi hatukuwa tumeonana sana miaka hii ya karibuni. Lakini kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao ni yeye tu aliyekuwa anaujua, na siku ile nilielewa kwamba kuanzia sasa nitakuwa naukumbuka peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Temeke, nyumbani kwa Bi Thureya. Sababu za msichana wa umri wangu kubaki mjini bila ndugu hazina maana hapa. Itoshe kusema nilikuwa nasoma chuo cha uhazili na jioni nikirudi hakuna aliyeniuliza nimeshindaje. Nyumba ilikuwa ya ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, uani bomba na choo, mbele duka la mwenye nyumba. Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, jiko la mchina la mafuta ya taa, ndoo mbili zenye vifuniko, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa. Wapangaji wengine walikuwa watu wa familia. Jioni nilisikia kila kitu: mtoto anafokewa kwa kumwaga uji, mume anaulizwa mbona samaki mdogo, sahani zinapangwa mkekani. Mimi nilikuwa nakula wali na mchicha nimekaa kitandani, sufuria nimeiweka juu ya gazeti, na nilikuwa najikuta nakohoa bila kikohozi ili chumba kiwe na sauti ya mtu. Kukohoa huko sikudhani kulikuwa kunasikika na yeyote.

Upande wa pili wa ukuta wangu ndipo lilipokuwa jiko la Bi Thureya. Wao walikuwa Waarabu wa hapa hapa, babu zao waliuza mchele na bizari Temeke tangu barabara haijawekwa lami, na yeye Bi Thureya alikuwa mjane mnene, mpole, mwenye amri. Alikuwa anaishi na mjukuu wake. Mjukuu huyo nilimjua kwa sauti wiki nyingi kabla sijamjua kwa sura. Alikuwa akikuna nazi anaimba. Haikuwa ile ya kuimba mtu anapojisahau. Alikuwa anaimba mstari mmoja, anaukatisha, anabadilisha neno, anauanza upya, huku mbuzi ya nazi inakwaruza polepole kumfuata. Nilizoea kuzima jiko langu kabla wali haujaiva vizuri, kwa sababu jiko la mchina linavuma na nilikuwa sitaki kupitwa.

Siku moja kuimba kukakatika, na mara nikasikia mlango wangu unagongwa. Nilifungua nikaona msichana wa rika langu, mwembamba, ushungi umemshuka begani, mkononi bakuli limefunikwa kwa kisahani. "Bibi kasema nikuletee mchuzi," alisema. "Kasema wewe unakohoa kila siku jioni, labda unakula vikavu." Kisha akaingia bila kukaribishwa, akakaa kitandani, akaangalia chumba chote kwa zamu moja ya macho. "Huna hata redio? Mie ningekufa." Nikamwambia redio yangu ni yeye. Alicheka mpaka akaziba uso kwa ushungi. Huyo ndiye Nuru.

Tangu siku hiyo nilikula jikoni kwao mara nyingi kuliko chumbani kwangu. Nikiingia nilikuwa nasema, "Shikamoo, Bibi," na Bi Thureya ananijibu, "Marahaba, mwanangu Veronika, vua viatu ule," bila kuniuliza kama nimeshiba. Ijumaa palikuwa na pilau. Siku nyingine mkate wa kumimina, au papa wa nazi ambaye harufu yake ilibaki kwenye nywele hadi chuoni. Bi Thureya alikuwa na kanda za taarabu ndani ya bati la biskuti na alizipiga kwa zamu, na wakati wa mgao wa umeme alimwambia mjukuu wake, "Haya, washa wewe." Nuru angeimba za kwenye kanda, kisha za kwake. Za kwake zilikuwa nyingi na zote hazijaisha. Hakuziandika. Alisema akiandika zinakauka.

Wimbo mmoja alichelewa sana kunisikilizisha. Alikuwa ananifukuza jikoni akitaka kuufanyia kazi. Siku aliyokubali, alinigeuzia mgongo, akajifanya anapepeta mchele, akaimba:

*Jirani wa ukutani, mbona husemi na mie?*
*Nakusikia kwa ndani, wakohoa nisikie,*
*Njoo ukae jikoni, chai nikumiminie,*
*Upweke hauna dini, gonga nikufungulie.*

Nilijifuta macho kwa kiganja. Bi Thureya aliyekuwa mlangoni alisema, "Mbona umemliza mgeni?" na Nuru akageuka kuniangalia, akaingiwa na wasiwasi kweli. "Nimekosea mahali?" aliniuliza. Mtu ambaye hajawahi kukaa mwezi mzima bila kuitwa jina lake hawezi kujua maana ya kusikia kwamba ukutani kulikuwa na sikio.

Ni mimi niliyesikia habari za shindano. Wasichana wa chuoni walikuwa hawana hadithi nyingine: kila Jumapili mchana, kwenye ukumbi mmoja Kinondoni, watu wanaimba mbele ya majaji, na mshindi wa mwisho atapewa mkataba wa kuimba kwenye hoteli kubwa huko Ghuba. Nilimwambia Nuru kama mzaha. Aliacha kuchambua mchele. Alimwuliza bibi yake usiku huo huo, na kinyume na nilivyotegemea, Bi Thureya hakukasirika. Alifikiri kidogo akasema, "Nenda na Veronika, rudi na Veronika. Kichwa ukifunike. Na usiimbe upuuzi."

Ukumbi ulikuwa na feni tatu zilizosukuma joto upande mmoja na kulirudisha mwingine. Mbele palikuwa na meza ya majaji, kitambaa chekundu, maji ya chupa, na kengele ya mezani ya kugonga kwa kiganja. Jaji mkuu alikuwa mtangazaji wa redio, mtu wa tai hata kwenye joto lile, mwenye Kiswahili kilichopitia puani. Jumapili ile ya kwanza tulisikiliza vijana wengi, na wote, ninasema wote, waliimba nyimbo za Kimarekani. Kijana wa Manzese aliyeongea na wenzake lugha ya gereji tupu alipanda jukwaani akageuka mtu mwingine, akafumba macho, akaombolezea mpenzi wa ng'ambo kwa maneno ambayo nusu yake hayakuwa maneno ya lugha yoyote. Ukumbi ulisimama. Nyuma yangu mama mmoja alimwuliza mwenzake, "Kasema nini?" Mwenzake akajibu, "Sijui, lakini kaimba." Bongo flava ilikuwa ndiyo kwanza inachipuka na wazazi wakiiita muziki wa wahuni, dansi lilikuwa la wazee, taarabu ya kuchezea harusini. Mtu aliyetaka kuonekana anajua kuimba alipaswa kuonekana anajua kwa Kiingereza.

Nuru alipoitwa alipanda na ushungi wake wa kijani, akauimba wimbo wa jirani. Sikuwahi kumsikia akiuimba vizuri vile. Feni zilisikika. Alifika mwisho wa ubeti wa kwanza, akavuta pumzi aingie wa pili, na kengele ikagongwa.

"Dada yangu," jaji mkuu alisema, "sauti Mungu kakupa. Hilo hatubishani. Lakini huu ni wimbo wa uani, wa kuoshea vyombo." Watu wakacheka. "Hapa tunatafuta msanii wa kimataifa. Nakupa nafasi kwa sababu ya sauti. Jumapili ijayo niletee wimbo wa kueleweka."

Ninayakumbuka maneno hayo kila ninapoona mashindano ya siku hizi kwenye simu za wanangu. Wimbo wa kueleweka. Katika ukumbi ule wimbo uliokuwa unaeleweka na kila mtu, kuanzia majaji hadi mfagiaji, ulikuwa mmoja tu, na ndio uliogongewa kengele. Lakini siku ile sikuwaza hivyo. Siku ile nilikuwa na hasira ya kawaida ya rafiki, na hofu kwamba Nuru atasusa. Hakususa. Tulipofika Temeke alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu akavua viatu, akasema, "Wewe si unajua Kizungu cha chuo. Nifundishe."

Nilimfundisha. Tuliazima redio ya kanda kwa mpangaji wa mbele, maana ya Bibi ilikuwa haitoki jikoni, na kanda kwa msichana wa chuoni, tukarudisha nyuma mstari mmoja mmoja hadi kanda ikaanza kulia kama mbuzi. Alikuwa mwepesi wa kushika kupita kiasi. Sauti yoyote niliyoitoa aliirudisha safi kuliko nilivyoitoa mimi. Kitu kimoja ndicho kilichomsumbua.

"Hapa anasema nini?"

"Anamwambia mpenzi wake asiondoke."

"Na hapa?"

"Ni hilo hilo. Asiondoke."

"Na hapa anapopandisha, pote huku juu?"

"Asiondoke, Nuru."

Akatikisa kichwa. "Maneno yote haya kwa jambo moja? Sie tungesema kwenye mstari mmoja, tukaenda kupika." Akacheka, nami nikacheka, kisha akarudisha kanda nyuma tukaanza tena.

Jumapili iliyofuata watu waliinuka kabla hajamaliza. Jaji mkuu alitoa mikono yake mezani akapiga makofi juu ya kichwa. Na ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, wimbo mpya kila mara, mimi nikitafsiri na yeye akimeza, hadi watu wa Temeke ambao hawakuwahi kumwita kwa jina wakaanza kumwita nyota. Njiani kurudi siku ile ya ushindi wa mwisho nilikuwa naongea peke yangu. Nilimwambia umeona walivyopiga makofi. "Wamepiga," alisema. Tukatembea. Kisha akasema, "Nilikuwa nawaangalia. Walikuwa wananiangalia mdomo, Vero. Kama watu wanaomwangalia mtu anameza moto."

Nilimwuliza, basi hutaki kwenda? Alisimama katikati ya njia, watu wakitupita. "Nataka," alisema. "Nataka sana. Nimeimbia sufuria tangu utoto. Nikikaa hapa nitaolewa, nitaimbia sufuria za mtu mwingine." Mimi sikuwa na cha kumpa cha kushindana na hilo. Nilitamani aniulize kama nitakuwa sawa. Hakuniuliza, na leo ninaelewa kwamba asingeweza kuuliza na bado akaondoka.

Bi Thureya aliipokea habari akiwa anapima sukari dukani. "Ajabu hii," alisema. "Babu zetu walitoka Uarabuni wakaja huku kuuza mchele. Mjukuu wao anarudi Uarabuni kuimba Kizungu." Wateja walicheka, naye akacheka, kisha akaingia ndani na hakutoka hadi adhuhuri. Asubuhi ya safari alimfungia Nuru achari ya maembe kwenye kopo la maziwa na kulikaza kwa mfuko wa nailoni, akimwonya lisimwagikie nguo. Nuru alinikumbatia mlangoni pa chumba changu, sio barabarani kwenye watu. "Usianze kukohoa," aliniambia. Gari lilipoondoka nilirudi ndani kufua, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na Jumamosi nilikuwa nafua.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilikuwa mirefu. Ukutani kulikuwa kimya. Bi Thureya hakuacha kuniita kula, nami sikuacha kwenda, lakini sisi wawili hatukujua kuongea bila yeye. Tulikula tukisifia chakula. Wakati mwingine alianza kusema, "Nuru angekuwepo..." akakatisha, akanisogezea sahani ya pili. Kanda zilibaki ndani ya bati. Umeme ukikatika tulikaa gizani tukisikiliza jenereta la baa ya jirani, ambako nako walikuwa wanaimba yale yale ya asiondoke.

Alipiga simu dukani mara moja ambayo niliikuta. Bi Thureya aliongea kwanza, kwa kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, kisha akanipa mkono wa simu. Sauti ya Nuru ilikuja kwa kuchelewa kidogo. Aliniambia hoteli ina ghorofa nyingi, kunaning'inizwa taa kama mvua iliyoganda, na bendi yote ni Wafilipino. Chumba anaishi na mwimbaji mwenzake, anaitwa Marisel. "Anaimba kama redio, shoga. Ukifumba macho hujui kama ni yeye au ni kanda. Nimemwuliza alijifunzia wapi. Kasema kwao kila mtaa una shindano, hata kwenye harusi, hata kwenye sikukuu ya kanisa, na anayeshinda ni yule anayeimba ya Wamarekani. Za kwao wanaziona za jikoni." Akacheka, na kicheko kikachelewa kunifikia. "Nikamwambia, na kwetu hivyo hivyo. Basi sasa tukitoka kazini tunafunga mlango, yeye ananiimbia ya kwao, mie namwimbia yangu. Simwelewi, hanielewi. Lakini Vero, analia."

Nilimwuliza kama chini, ukumbini, amewahi kuimba yake. Kimya kikawa kirefu, nikadhani simu imekatika. "Meneja kasema wageni hawaijui," alisema. Kisha ikakatika kweli.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ofisi moja ya Manzese nikahama. Bi Thureya alifariki Nuru akiwa bado huko, nyumba ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akavunja ukuta wangu akajenga fremu za maduka. Nuru alirudi baada ya miaka mingi, akaolewa na mfanyabiashara wa Vingunguti, akazaa. Tulikutana kwenye harusi moja huku huku Goba, akiwa amenenepa kama bibi yake, tukakumbatiana hadi watu wakageuka. Mshereheshaji alikuwa anapita na kipaza sauti akiomba wageni waimbe. Nilimsukuma. Alikisogeza kile kipaza sauti kwa mkono wa adabu. "Sauti iliisha, shoga," aliniambia sikioni. "Niliwaimbia watu nyimbo za watu hadi ikaisha." Tulibadilishana namba. Tulipigiana Idi na Krismasi. Kila mara tulisema tutatembeleana.

Nilikwenda Vingunguti baada ya arobaini, watu walipopungua. Latifa alinipokea, ana kimo cha mama yake na mdomo wa Bi Thureya. Tulikaa jikoni, kwa kuwa sebuleni walikuwepo wajomba zake na wageni wao. Alinihudumia chai, akasita, kisha akaniuliza kama ni kweli mama yake aliwahi kuwa mwimbaji, maana baba anasema hivyo na wao hawakuwahi kumsikia. "Ila kuna kitu kimoja alikuwa anaimba," alisema. "Akipika. Hatukijui ni lugha gani. Wajomba wanasema si Kiarabu." Akauimba, kwa sauti ndogo, akiangalia mlango. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wenye irabu nyingi, unaopanda mahali usipotegemea. Sikuelewa hata neno. Lakini nilijua umetoka chumba gani.

Nikamweleza habari za Marisel. Nikamweleza habari za ukumbi wa Kinondoni, za kengele, za kanda iliyolia kama mbuzi, na alisikiliza chai yake ikipoa. Hakuwa akijua lolote. Aliniuliza, "Na wa kwake mwenyewe je? Aliuacha wapi?"

Sijaimba mbele ya mtu maisha yangu yote. Mimi nilikuwa msikilizaji. Nilimwimbia. Ubeti wa kwanza ndio ninaoujua, kwa sababu wa pili mama yake alikuwa anaubadilisha kila siku. Sauti yangu ilikatika kwenye ule mstari wa chai, nikaomba radhi, nikarudia. Latifa akaniomba tena. Mara hiyo akaanza kunifuata, na alipofika mwisho alikuwa ananiongoza, na mimi nikanyamaza nikamwachia. Sebuleni wajomba walikuwa wameacha kuongea.

Nilifika Goba jua linazama. Nilifungua mlango, nikawasha taa ya sebuleni, nikavua viatu. Nilikuwa na habari kubwa kifuani na sikuweza kukaa nayo kimya: kwamba wimbo wa Nuru umeimbwa, Vingunguti, mchana, na mtoto aliyeushika kwa mara chache tu. Nikachukua simu nimpigie mtu nimsimulie. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lake ndipo nilipokumbuka.